Nyumba Iliyopinda Laini

Tulipomzika Mwanahawa, wageni waliotoka mjini walikaa kwenye mikeka mbele ya nyumba yake, na mjukuu wake Bakari, yule anayefundisha Kiingereza sekondari, akawa anazitazama nyumba za kijiji chetu zilivyokwenda. Akaniuliza, "Bibi Somoe, mbona hii laini yenu imepinda pale katikati? Aliyepima alikuwa kalewa?" Wenzake wakacheka kicheko cha msibani, kile cha kuziba mdomo na kiganja. Nikamwambia hapana mwanangu, aliyepima alikuwa hagusi hata togwa iliyolala. Nikataka kumweleza palepale, lakini nikageuka kumtafuta mwenzangu anisaidie, maana hadithi hii siku zote tunaisimulia wawili, mimi naanza yeye ananikatiza, na huyo mwenzangu ndiye tumetoka kumfukia. Nikanywa uji wa matanga. Sasa leo nimekaa, wageni wamekwenda zao, nami nasema mwenyewe. Patakaposahaulika ndipo pake Mwanahawa, mniwie radhi.

Kwanza hilo neno laini. Nyie watoto wa siku hizi mkisema laini mnataka ile kadi ya kuweka kwenye simu. Dereva wa basi naye ana laini yake, akikwambia leo sipo laini ya Lindi, maana yake kaipeleka gari njia nyingine. Mafundi wa umeme wana laini zao juu ya nguzo. Wazee waliokata mkonge zamani walikuwa wakisema tumelala laini, ndiyo zile kambi za manamba. Na sisi laini yetu ni nyumba: huyu anakaa laini ya kwanza, huyu laini ya shuleni. Msichanganye na laini ya ulaini, ile ya kanga iliyofuliwa ikafuliwa mpaka ikawa tamu mwilini. Hiyo tunayo tangu zamani, asili yake Uarabuni, haina udugu na hii. Siku ile ya mazishi nikamuuliza Bakari, basi wewe mwalimu, hawa Waingereza walikuwa na maana gani hasa, neno moja wanalitia kwenye nyumba na simu na mabasi? Akashusha sauti kwa heshima ya mahali. Akasema, "Bibi, asili yake ni uzi. Warumi wa kale walikuwa na mmea, kitani, wanausokota uzi wake wanafuma nguo. Uzi wa kitani ndio ulioitwa hivyo. Baadaye kamba yoyote iliyovutwa, halafu kila kilichonyooka kama kamba iliyovutwa." Jamani nilifurahi. Nilifurahi msibani, Mungu anisamehe, mpaka nikampiga begani. Maana hata kwetu neno lile liliingia kwa njia hiyohiyo, kamba kwanza, nyumba baadaye. Mimi nilikuwepo. Niliishika kwa mikono yangu.

Mwaka wenyewe ni ule wa kuhamia vijijini. Mimi nimeshachezwa unyago, sijaolewa, na walinipeleka kwa shangazi yangu, dada yake baba, kukaa naye edani. Mumewe Mzee Issa alikuwa amekufa mvua zinakwisha, homa tu, kaugua wiki moja kaondoka. Tulikuwa tunakaa porini, ndani zaidi ya Kitomanga, kila mtu na mikorosho yake, nyumba hii hapa na nyingine mpaka upige ukelele ndiyo jirani akusikie. Mzee Issa alizikwa nyuma ya nyumba, chini ya mkorosho alioupanda mwenyewe. Na shangazi akaingia chumba cha ndani, akavaa nyeupe, kama wanavyokaa wajane wa kwetu, miezi minne na siku kumi. Hajipaki mafuta, hatii wanja, hatoki nje ila kwa haja yake kule uani, haonani na mwanamume asiye wa kwao wala hasemi naye. Akitaka jambo ananiambia mimi. Kile chumba nakiona hata sasa: kitanda cha kamba, mtungi pembeni, kidirisha kidogo kama kitabu kinachoingiza mshale wa jua, na harufu ya udongo uliokandikwa na moshi wa jikoni. Nilikuwa nampikia ugali wa muhogo na kisamvu, siku nyingine ming'oko, vile viazi vya porini, nikiletewa na Mwanahawa, ambaye nyumba yao ndiyo ilikuwa ya jirani. Mwanahawa akifika analala kifudifudi kwenye mkeka, anamsimulia shangazi habari zote za nje, nyingine za kweli, nyingine anazipika hapohapo. Shangazi anamwambia, "Wewe mtoto, mume wako atakurudisha kwa mdomo." Naye anajibu, "Akinirudisha nitakuja kukaa hapa na wewe, shangazi, unasikiliza vizuri."

Basi mojawapo ya habari hizo ndiyo hii. Mwanahawa alikuja siku moja, halali kifudifudi, amekaa wima, akasema wamekuja watu wa serikali, wanasema wote tuhamie barabarani, tukae pamoja, tupate shule na zahanati na bomba la maji. Nyumba zitakuwa za laini. Shangazi akauliza, "Laini ndiyo nini?" Mwanahawa akasema, "Kuna kijana Mmakonde, Mkristo, anaitwa Damiani. Ana kamba ndefu ya katani. Anaichomekea vijiti huku na huku, anaivuta mpaka inalia. Hiyo kamba ndiyo laini. Nyumba zote zinafuata kamba." Shangazi akafikiri. Akasema, "Na mikorosho yetu nayo itafuata kamba?" Nilisikia wanaume barazani usiku ule na kesho yake, wakibishana. Mmoja anasema shule ni jambo jema, wanangu wasome. Mwingine anasema, sawa, lakini makaburi nani atayafagia. Na mwenyekiti, sauti yake nzito kama anasema ndani ya mtungi, akawa anarudia lilelile: lori litakuja siku iliyotajwa, atakayekutwa nyumba yake itaezuliwa paa. Mimi nilikuwa nimebeba chai ya mchaichai, nikaganda mlangoni. Maana eda ya shangazi ilikuwa bado ndefu, lori lilikuwa karibu.

Hapo sasa muelewe uzito wake. Kwa shangazi, kukaa eda nyumbani kwa mumewe ilikuwa deni lake la mwisho kwa mtu yule. Hakuwahi kumzalia mtoto, mimba hazikukaa. Mzee Issa hakumwolea mke mwingine, watu walimsema akaziba masikio. Kwa hiyo shangazi alisema, "Hiki ndicho nilichobaki nacho cha kumpa. Sitoki." Wakamleta Mwalimu wa chuo, mzee aliyetufundisha wote juzuu, akakaa barazani kaupa mlango mgongo, akasema kwa sauti ili asikike ndani: "Somoe, mwambie shangazi yako, sheria inamruhusu. Hii ni dharura. Mjane akiogopa nyumba kumwangukia, anahama." Nikaingia nikamwambia, ingawa alikuwa amesikia kila neno. Shangazi akasema, "Mwambie Mwalimu ruhusa nimeisikia, ahsante. Ruhusa ni ya Mwenyezi Mungu, lakini nyumba ni ya mume wangu." Nikatoka nikasema. Nikasikia tasbihi ya Mwalimu inakwenda. Kisha akauliza, "Nyumba ni nini kwake? Ni mahali, au ni ile miti?" Nikaingia na swali hilo. Usiku kucha nilimsikia shangazi anapapasa ukuta kwa kiganja, kama mtu anayempapasa ng'ombe.

Asubuhi akanituma. Akasema miti ya nyumba hii Mzee Issa aliikata kwa mkono wake, mmoja mmoja, na makuti alisuka yeye. Wakinijengea chumba kule kwa miti hii hii na makuti haya haya, na mlango huu huu, nitakwenda. Lakini nisipitie nyumba ya mtu yeyote njiani, na nisionwe na mwanamume. Mwenyekiti aliposikia alikuna kichwa. Akasema, "Huyu mama anataka tuhamishe nyumba yenye mtu ndani." Na ndivyo ilivyokuwa, kabla siku ya lori haijafika. Walianzia mbele. Wakang'oa nguzo za baraza, wakabeba. Wakatoa fito za ukumbi, wakabeba. Wakavua makuti ya upande wa mbele. Kila siku nyumba ikawa inakonda, sisi tumo ndani ya kile chumba cha mwisho, tunasikia udongo unaporomoka nje na wanaume wakisemezana, "Taratibu, upande huu bibi amelala." Nilikuwa nikipika nje juani maana jiko halipo tena. Shangazi alikuwa anahesabu miti kwa masikio. Anasema, "Huo ni mninga aliouleta mwaka wa njaa." Anasema, "Huo una fundo, ulimkata kidole." Mimi na Mwanahawa tunatazamana. Ndipo nilipoelewa kwamba anaaga.

Kule barabarani wakamjengea chumba hicho kimoja kabla ya nyumba ya mtu mwingine yeyote. Waliochimba mashimo ni ndugu zetu wenyewe, kwa haraka, na pale kwenye kijiti cha Damiani palikuwa na kisiki kigumu cha mti uliokatwa zamani. Wakasogea pembeni kidogo, penye udongo laini, wakachimba. Nani angewaza kamba saa ile. Ikabaki kumchukua mwenyewe. Wanawake wakasema tutamzungushia kanga, atembee katikati. Lakini kanga zinahitaji pa kutundikwa, mkono wa mtu unachoka, njia ni ndefu, upepo upo. Na kamba zote za kijiji, za ukindu na za miyaa, zilikuwa zimefungia mizigo na miti. Mwanahawa, yeye aliyekuwa hanyamazi, akamwendea Damiani kule alikokuwa ameinama na vijiti vyake. Nilikuwa nyuma yake. Akamwambia, "Shikamoo, kaka. Tunaomba kamba yako." Damiani akacheka, akasema, "Dada, hii ni laini. Nikiitoa, kazi ya wiki nzima imelala." Mwanahawa akasema, "Ni ya mjane. Ana eda. Akionekana njiani, atakuwa amekaa bure." Damiani akasimama akafuta mikono kwenye suruali. Kwao Wakristo hawana jambo hilo, nilidhani ataona upuuzi. Akauliza tu, "Mama yangu alipofiwa walimfunga kitambaa kichwani, akanyamaza mwaka. Ndiyo hivyo?" Mwanahawa akasema ndiyo hivyo. Akaenda kijiti kwa kijiti anafungua. Akaizungusha ile kamba kwenye kiwiko chake, akatukabidhi.

Asubuhi tukamtoa. Mwenyekiti alipita mbele anatangaza wanaume waingie vichakani mpaka waitwe, na Damiani naye akaambiwa, akaugeukia mti wa muhogo akaupa uso. Tulifunga ile kamba mraba, wanawake wanne kwenye pembe wameshika miti mirefu, kanga zimetundikwa pande zote mpaka chini, nyingine bado na chumvi ya jasho la shughuli za harusi. Mimi nilikuwa ndani pamoja naye nimemshika mkono, Mwanahawa ameshika pembe ya mbele. Jamani, ndani ya zile kanga kulikuwa na rangi. Jua linapenya nyekundu huku, njano huku, na shangazi katikati na nyeupe zake, anatembea miguu mitupu, anatazama chini tu. Kilikuwa chumba kinachotembea. Nje wanawake hawaimbi, maana ni msiba, wanatembea tu, nasikia pumzi zao na majani yanavyokanyagwa. Mahali pamoja kamba ililegea, kanga ikashuka, Mwanahawa akainua mti wake juu kwa mikono miwili, nikaona misuli ya shingo yake imetoka, na aliendelea hivyo mpaka tulipofika, bila kubadilishana na mtu. Hakusema neno njia nzima. Ndiyo mara pekee. Tulipofika walisogeza kanga mpaka mlangoni, mlango uleule wa mbao wenye alama ya shoka la Mzee Issa, na shangazi akaingia. Akaweka kiganja ukutani. Udongo ulikuwa bado mbichi, vidole vyake vikaacha alama. Akasema, "Ndiyo yenyewe," akakaa kitandani.

Damiani alirudishiwa kamba yake, akaifunga tena kwenye vijiti. Ndipo alipoona. Chumba cha shangazi kimesimama nje ya laini, hatua kadhaa. Akazunguka, akaangalia kile kisiki, akaangalia mlango uliofungwa, akajua kwamba ndani kuna mtu asiyeweza kutolewa. Akakaa chini kidogo. Kisha akaing'oa kamba kwa upande ule akaanzia mlangoni kwa shangazi, akaivuta upya kuelekea mbele, na nyumba zilizofuata zikafuata hapo. Ndiyo sababu laini yetu imepinda kama kiwiko, Bakari, popote ulipo.

Watu walijenga. Siku moja akaja mkubwa kutoka wilayani, kaunda suti safi, kofia mkononi, akasimama katikati ya njia akafumba jicho moja. "Nani amepinda laini?" Damiani akasema, "Mimi, mkubwa." "Kwa nini?" "Chumba kile kilitangulia." Mkubwa akasema, "Basi kivunjwe, kijengwe mahali pake. Kijiji kizima kinaharibika kwa kibanda kimoja." Wanawake wakaja, bila kuitana, wakakaa mbele ya mlango wanasuka ukili. Vidole tu vinakwenda. Mwenyekiti akamnong'oneza kuwa ndani kuna mtu yuko eda. Mkubwa akanitazama mimi niliyekuwa kizingitini. "Wewe binti, mwambie atoke, atajengewa kingine kesho." Nikaingia, nikatoka. "Anasema hakatai." Mkubwa akapumua. Nikaendelea, nimeung'ang'ania mlango, "Anasema anayetaka kumtoa aingie mwenyewe amshike mkono." Mwanahawa kule kwenye ukili akainamisha uso. Mkubwa alisimama. Alikuwa mtu wa pwani kama sisi, nadhani hata yeye ana mama, maana alitazama ule mlango kama mlango wa kwao. Upepo unapita. Akauliza kwa sauti ndogo, "Bado siku nyingi?" Nikasema, "Bado." Akavaa kofia, akaivua tena. Akasema, "Mwambie... mwambie pole kwa msiba." Nikaingia. Shangazi alikuwa amekaa wima, mikono magotini, machozi yanamtiririka na wala hayafuti. Kumbe muda wote ule alikuwa anaogopa kama mimi. Akasema, "Mwambie nimeshapoa." Mkubwa akaondoka. Kama aliandika kitu huko alikokwenda sijui, hakurudi mtu kutuvunjia.

Nawaza sana, sasa uzeeni. Yapo mengi ya mwaka ule ambayo watu hawapendi kuyasema. Mikorosho ilimezwa na pori, wengine walikufa kwa unyonge wa kuacha kwao, na shule kweli ilikuja, Bakari asingekuwa mwalimu bila ile shule. Siwezi kuyapima yote kwa mizani moja. Mimi naliona lile jambo dogo tu, kwamba kwenye kuhama kule kwa amri, palipatikana njia ya mtu mmoja kuhama kwa heshima, na waliompa njia ni watu wenyewe waliokuwa wanahamishwa.

Eda ilipokwisha, wakamwogesha asubuhi, zile nyeupe akampa mwanamke maskini, akavaa kanga mpya, akapakwa mafuta. Tukala wali na kuku. Alipotoka nje alisimama muda mrefu anaangalia zile nyumba, watu wamejipanga wanamsalimu, watoto wanampa shikamoo huku na huku, naye marahaba, marahaba. Halafu akasema anataka kwenda kaburini. Tulikwenda watatu, yeye, mimi na Mwanahawa. Kule nyumba haipo, pamebaki tuta la udongo na majani yameanza kuota pale palipokuwa na kitanda. Shangazi akafagia kaburi kwa tawi, akachuchumaa. Akatoa salamu kama anavyopewa aliye hai. Akasema, "Bwana, nimemaliza. Sikutoka mpaka nilipotolewa, na nilipotolewa sikuonwa." Akasoma Fatiha, na sisi tukaitikia amina. Jua lilikuwa limekuwa kali, nzi wa mabibo wanavuma. Akainuka, akajikung'uta kanga. Miezi yote ile, akitaja kijiji kile, alikuwa anasema kule kwenu, au kule kwa kamba. Hakuwahi kupasema vingine. Akaligeukia kaburi mara moja tena, akasema, "Haya, mimi nakwenda kwangu."